Saa Aliyoiongeza Amaq Hurniati

Ujumbe wa Hurniati uliingia Alhamisi jioni, baba yake akiwa amesimama juu ya kisiki nyuma ya kambi, mahali pekee penye mtandao katika shamba lote la michikichi. Aliusoma mara tatu, midomo ikicheza.

"Jumapili. Uwanja wa nyumbani. Saa nane mchana. Namba 34, nguo za njano. Ukiniona, umeniona. Usiponiona, usiseme umeniona."

Basi. Hakuna salamu, hakuna "Amaq wangu", hakuna chochote. Hata hivyo mzee alishuka kisikini akicheka peke yake, maana yalikuwa maneno ya kwanza ya binti yake tangu mwezi wa tatu, na sasa mwezi wa tano ulikuwa unakwisha. Mtu mwenye kiu hachagui kikombe.

Jina lake la kuzaliwa ni Sahrup, lakini hilo limebaki kwenye pasipoti tu. Kwetu kisiwani Lombok mtu akipata mtoto wa kwanza, jina lake la zamani huwekwa kabatini, na tangu siku hiyo yeye ni Amaq fulani, baba wa fulani. Kwa hiyo kwa miaka ishirini kila aliyemwita kula, kila msimamizi aliyemfokea, kila aliyemwamsha alfajiri, alimtajia jina la binti yake. Amaq Hurniati, lete mundu. Amaq Hurniati, lori limefika. Na kati ya miaka hiyo ishirini, kumi na moja ameimaliza hapa Johor, nchi ya ugenini ng'ambo ya bahari, akikata mikungu ya chikichi kwa mundu wenye mpini mrefu kuliko nyumba, shingo imepinda kutazama juu mpaka imesahau kutazama mbele. Alimwacha Hurniati akiwa na miaka tisa, pamoja na pikipiki moja kuukuu ya kubebea majani ya ng'ombe. Majani hayakubebwa sana. Mtoto aliipanda ile pikipiki akaanza kushindana na vijana wa kijiji kwenye barabara ya pwani, na kabla mama yake hajajua pa kumfungia, msichana alikuwa anavaa helmeti ya timu na kusafirishwa kwa ndege kwenda kukimbia.

Amaq Hurniati hakuwa amemwona akikimbia hata siku moja. Alikuwa akisema amemwona. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Alipokuwa na miaka kumi Hurniati alisoma Kurani mbele ya mkuu wa wilaya, na baba kwenye simu akasema, "Nimekuona moyoni, mwanangu." Alipomaliza shule, vilevile, moyoni. Hilo ni neno zuri kwa mtoto wa miaka kumi. Wa miaka ishirini anataka macho. Mwezi wa tatu alikuwa na mbio Thailand, na siku hiyo baba alipangiwa kupakia lori. Jioni rafiki yake Mahnep, anayelala kitanda cha juu yake, akamwambia kwamba mtandaoni wameandika msichana wa Lombok kamaliza wa saba. Amaq Hurniati akapanda kisiki mbio, akapiga simu.

"Nimekuona, mwanangu! Mwanzo mpaka mwisho nimekuona!"

"Kweli, Amaq? Uliona nilivyokupungia kona ya mwisho?"

"Mbona niliona! Machozi yalinitoka. Waulize watu wa hapa."

"Sikupunga," Hurniati akasema, akakata simu.

Akaikata kwa miezi miwili na kitu. Mama yake alipojaribu kuwapatanisha, msichana alijibu neno moja tu, kwamba baba asiyemwona anaweza kumvumilia, ila baba anayemdanganya hamtaki. Mzee aliambiwa neno hilo kwenye simu, na tangu siku hiyo akawa hali vizuri. Nami sitamtetea. Uongo wa upendo ni uongo, na mtoto aliyelelewa kwa simu ana masikio makali.

Sasa hapo kwenye saa nane ndipo alipojichimbia shimo. Sisi watu wa Lombok tumelelewa na televisheni ya mji wetu mkuu, Jakarta. Jakarta ikisema mpira ni saa mbili usiku, kwetu ni saa tatu. Mtoto wa Lombok anajua kuongeza saa moja kabla hajajua kujumlisha. Amaq Hurniati alipoona saa nane, kichwa kilihesabu chenyewe: mbio ni mambo ya televisheni, televisheni ni Jakarta, kwa hiyo ni saa tisa. Hakukumbuka kwamba aliyeandika si televisheni. Ni binti yake, amekaa Lombok, na saa ya Lombok na ya Johor ni moja, jambo alilolijua vizuri kila alipompigia simu kwa miaka yote hiyo. Alikosea. Nakwambia mapema ili tuteseke pamoja, maana yeye hakujua, na asiyejua hatembei haraka.

Ijumaa alijaribu kutafuta mbio hizo kwenye simu ili ajizoeze. Simu ikamwandikia kwamba picha haionyeshwi katika nchi aliyopo.

"Ni chaneli ya kulipia hiyo," Mahnep akamwambia, miguu ikining'inia kitandani. "Mjini wenye nayo ni watu wa aina moja tu."

"Watu gani?"

"Wenye baa."

Amaq Hurniati akajishika kofia. Mahnep akaanza kucheka polepole, kisha akacheka mpaka kitanda kikalia. Ni lazima ujue kwamba katika kambi ile, mwenye kuadhini kwenye msikiti wetu wa mbao, alfajiri mpaka isha, ni yeye Amaq Hurniati.

"Muadhini wetu! Hayya ala baa!"

"Usicheze na adhana, Mahnep. Utapinda mdomo."

"Sichezi. Jumapili nakupeleka mwenyewe. Kofia utaiweka wapi?"

"Kichwani. Mungu ananijua ninakwenda kufanya nini."

"Mungu anajua. Watu wa idara ya dini wanaosaka Waislamu kwenye baa je? Wakikukuta humo watakwambia nao wamekuja kutazama pikipiki?"

Hilo lilimkaa kooni. Hakulala vizuri usiku ule wala wa pili yake, lakini hakuna dakika hata moja aliyofikiri kutokwenda.

Jumapili waliondoka kambini saa sita kupita kidogo, wawili kwenye pikipiki ya Mahnep, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Walifika mjini Kluang saa saba. Mahnep alimshusha karibu na stesheni ya reli, akaenda kwa mchumba wake anayefanya kazi ya kushona, wakaagana wakutane hapohapo saa kumi. Amaq Hurniati akaingia msikitini akaswali adhuhuri bila haraka, akaongeza na sunna, kisha akaketi akamwombea dua ndefu binti yake avuke mstari salama. Alipotoka aliona bado ana saa nzima na zaidi. Akaingia mkahawani akaagiza chapati na chai ya maziwa. Njaa ilikuwa ndogo. Alitaka tu kupitisha muda.

Saa nane kamili, kusini mwa Lombok, taa nyekundu zilizimika na pikipiki ishirini na mbili zikaruka kwa pamoja. Saa nane kamili, Kluang, Amaq Hurniati alikuwa anakoroga sukari.

Baa ya kwanza ilikuwa imefungwa, geti la chuma limeshushwa, karatasi imebandikwa: tunafungua saa kumi. Hakuwa amefikiria kwamba baa nazo hulala mchana. Akavuka barabara, akapinda nyuma ya soko, akaikuta ya pili, mlango wazi, televisheni inaonekana kutoka nje, watu wawili wanacheza badminton kwenye kioo. Mhudumu, mwanamume mnene mwenye kitambaa begani, akaja akasimama mlangoni kabla mzee hajapanda ngazi.

"Haji, umepotea njia. Msikiti uko kule."

"Natoka huko. Naomba kuuliza, mna mbio za pikipiki?"

"Tuna badminton."

"Nitatazama nusu saa tu. Sitakunywa."

"Ndiyo tatizo lenyewe, kwamba hutakunywa." Akaonyesha kibao kilichobandikwa ukutani, kwamba Waislamu hawaruhusiwi. "Si chuki, Haji. Mwezi uliopita walikuja hapa wenye kofia kama hiyo yako, lakini hao walikuwa na daftari. Jaribu kwa Anti Geok, karibu na reli. Yule mama ana kichaa cha pikipiki."

Aliondoka akikaribia kukimbia. Nyuma ya ukuta wa stesheni alisimama, akatazama kushoto na kulia, akavua kofia. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na upepo ukampiga kichwani penye upara. Alijisikia uchi. Miaka kumi na moja ugenini, njaa alikuwa ameivumilia na matusi ya msimamizi ameyavumilia, lakini hii ya kuvua kofia kwa kificho ilimuuma, akasema kwa sauti, "Hurniati, nihesabie na hili."

Baa ya Anti Geok ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye feni tatu na mteja mmoja. Mteja huyo ni Maniam, mlinzi wa reli mstaafu, mwenye masharubu meupe na chupa yake mbele. Anti Geok mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta akipangusa glasi, mama wa miaka sitini hivi, miwani imefungwa kamba shingoni. Marehemu mumewe alikuwa fundi pikipiki, na ukutani bado yalining'inia matangi mawili ya mafuta yaliyong'arishwa kama picha za ukoo. Televisheni ilikuwa juu kabisa, karibu na dari. Na kwenye televisheni pikipiki zilikuwa zinakimbia.

"Karibu, Kaka. Bia gani?"

"Sinywi, Anti. Natafuta mbio za pikipiki."

"Basi umezipata." Akaelekeza kidevu juu.

Amaq Hurniati akatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi na nane. Alhamdulillahi, akasema moyoni, nimewahi, hawa watakuwa wavulana wanaotangulia. Akavuta kiti akakaa chini ya feni, jasho likamkauka mgongoni.

"Nipe maji ya ndimu, tafadhali."

"Kaja baa kunywa ndimu!" Maniam akadakia. "Anti, mtilie barafu nyingi asije akalewa."

Alicheka pamoja naye. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa mtulivu. Wateja wengine hulalamika kwamba televisheni ya Anti Geok iko juu mno, inavunja shingo, lakini shingo yake yeye ilizaliwa upya kwenye michikichi na hapo ilikuwa nyumbani. Alitazama. Waliokuwa mbele ni watatu, wa kijani, wa bluu, na mwingine wa bluu. Nyuma yao, kila walipopinda ile kona ya baharini, kilionekana kilima chenye nyasi fupi, na Amaq Hurniati akakitambua. Alichunga nyati wa baba yake pale. Kabla ya barabara, kabla ya uwanja, kulikuwa na kisima upande wa pili. Akanywa ndimu.

"Huyu wa kijani anachelewa kukamata breki," akamwambia Maniam, ili aseme kitu. "Lakini anajua. Hawa vijana wana roho ngumu."

"Mimi nasubiri badminton," Maniam akajibu.

Mizunguko mitatu ilikwenda hivyo, yeye akiitazama kama mtu anayekula karanga kabla ya chakula chenyewe. Bendera ya miraba ya kumalizia ikapungwa. Wa kijani akapita wa kwanza, akapunguza mwendo, akasimama mbele ya watu wake na kuvua helmeti. Chini ya helmeti kulikuwa na nywele zilizosukwa mkia mmoja, na uso wa msichana anayelia kwa furaha. Wa bluu naye akavua. Msichana. Wakakumbatiana.

Glasi ya Amaq Hurniati ilisimama kati ya meza na mdomo.

"Anti," akasema. "Hawa ni wasichana?"

"Ulidhani ni akina nani?"

"Za wavulana ni saa ngapi?"

"Zilikuwa asubuhi, Kaka."

"Saa tisa kuna nini?"

"Saa tisa kuna badminton!" Maniam akasema. "Namwambia tangu amekaa."

Ndipo alipoelewa. Haikumjia polepole, ilimjia yote kwa mara moja, kuanzia kidole kilichohesabu juu ya kisiki mpaka ile sukari aliyokuwa anaikoroga. Akasimama, akatazama majina yaliyokuwa yakipanda kwenye kioo. Alisoma kwa shida, herufi zilikuwa ndogo, na majina yakapita, wa kwanza mpaka wa ishirini na moja, na 34 haikuwamo. Halafu yakaja matangazo ya sabuni.

"Namba thelathini na nne," akasema. "Wa njano. Anti, yuko wapi wa njano?"

Anti Geok akaweka kitambaa chini. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni Amaq Hurniati," akasema, kisha akakumbuka kwamba hapa hakuna anayejua maana yake. "Mimi ni baba yake."

Maniam akaacha kucheka. Anti Geok akazunguka kaunta, akaja akavuta kiti mbele yake.

"Alianguka, Kaka. Mzunguko wa kwanza, ile kona ya karibu na bahari. Wa nyuma yake alimgusa gurudumu. Pikipiki ikamponyoka, yeye akateleza mpaka kwenye changarawe."

"Akainuka?"

"Aliinuka."

"Umeona mwenyewe, au unanifariji?"

"Nimeona mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale."

"Kwa miguu yote miwili?"

"Miwili, Kaka. Aliiendea pikipiki akaipiga teke. Halafu akainama akaishika tangi, kama anaiomba radhi. Nikacheka, maana marehemu wangu naye alikuwa hivyohivyo. Halafu huyu bwana akaniita nimtolee chupa, nikageuka, niliporudi picha ilikuwa imeshahamia kwa wa mbele."

Amaq Hurniati akatoa simu akapiga. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Mara ya tatu vilevile. Hakutaka kuwaza, lakini mawazo hayapigi hodi: mwaka juzi kambini mtu wa kisiwa cha Flores aliangukiwa na mkungu begani, akainuka, akacheka, akavuta sigara yake mpaka mwisho, na magharibi tukamfunika shuka. Kuinuka si kitu. Alipiga mara ya nne. Mwenye simu hakupokea. Akaiweka simu mezani, akaishika kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kukimbia.

"Atapiga," Anti Geok akasema.

"Na akipiga nitamwambia nini?"

Akawaeleza. Aliwaeleza watu wawili asiowajua, katika baa, kichwa wazi, habari ya Thailand na mkono ambao haukupungwa, na ujumbe wa Alhamisi, na Jakarta. Maniam alisikiliza masharubu yakiwa yameganda kwenye glasi.

"Lakini Kaka, hili ni dogo," Anti Geok akasema. "Umefika, umetazama, kumetokea hivi. Mimi nimekupa kila kitu. Kona unaijua, gurudumu unalijua, teke unalijua, hata tangi. Mwambie umeona. Nani atajua?"

"Mimi nimeficha makubwa kuliko hayo miaka thelathini," Maniam akasema, "na ndoa ipo."

Kichwa cha Amaq Hurniati, kichwa kilekile kilichozoea, kilikuwa kimeshaanza kupanga. Nilikuwa nimekaa chini ya feni. Nilimwona mjinga yule akikugusa gurudumu. Niliruka kitini. Ulipoipiga teke nilicheka na kulia. Yalikuja yenyewe, mazuri, yamenyooka, na kila moja lilikuwa la kweli, isipokuwa macho tu yalikuwa ya mtu mwingine.

Simu ikatetemeka mezani. Wote watatu waliruka.

"Amaq."

"Mwanangu! U mzima?"

"Mzima. Bega tu, wamelifunga. Nilikuwa kwa daktari wa uwanja, simu ilikuwa kwenye begi." Nyuma yake injini zilikuwa zinalia na mtu anapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Uko wapi huko, mbona kuna feni?"

"Niko baa."

"Wewe? Baa?"

"Nimevua na kofia, Hur."

Akamsikia akipumua, karibu kucheka, kisha akajizuia. Sauti iliporudi ilikuwa ileile ya ujumbe wa Alhamisi.

"Uliniona?"

Amaq Hurniati akafungua mdomo. Mbele yake Anti Geok alikuwa anatikisa kichwa kwa kumhimiza, kama mwalimu mwanafunzi wake anapoitwa ubaoni.

"Uliona nilivyokupungia nilipoinuka?" Hurniati akauliza.

Mtego! Aliuona mara moja, aliijua sura yake, ulikuwa mtego uleule wa mwezi wa tatu umesafishwa tu. Anti Geok ametaja teke, ametaja tangi, hakutaja kupunga. Mtu aliyeona teke asingeacha kuona mkono. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: hukupunga, mwanangu, uliipiga teke pikipiki, unadhani mimi sina macho? Na msichana angecheka, na yote yangekwisha, na jina lake lingekuwa lake tena. Lilikuwa tamu jibu hilo. Aliusikia utamu wake mpaka kwenye meno.

"Sijui," akasema. "Sikuona."

Anti Geok akafumba macho.

"Nilifika mizunguko mitatu ya mwisho, Hur. Nikadhani ni wavulana. Kuanguka kwako nimesimuliwa na mwenye baa. Ulipokuwa unaanguka mimi nilikuwa nakunywa chai. Niliongeza saa moja."

"Uliongeza..."

"Nilidhani ni ya Jakarta."

Alibana simu sikioni mpaka sikio likauma, akingoja ule mlio mdogo wa kukatwa. Injini zilipita upande wa pili, moja, mbili, nyingi.

"Nilipunga," Hurniati akasema.

Hakuelewa mara ya kwanza. "Nini, mwanangu?"

"Safari hii nilipunga, Amaq. Kwa mkono huuhuu unaouma. Kamera ilikuwa mbele yangu, nikasema, leo yupo."

Amaq Hurniati akakaa. Hakujua kwamba alikuwa bado amesimama. Machozi yalimtoka, yale aliyojisingizia mwezi wa tatu, na hakukuwa na haja ya kuuliza watu wa hapa, walikuwa wanayaona. Maniam akasukuma leso yake mezani bila kumtazama. Miaka ishirini watu wamemwita kwa jina la mtoto huyu, na mtoto alipoinua mkono kumwita mwenyewe, hakuwapo. Hakuna Jakarta ya kuilaumu. Na angalisema ile "hukupunga" iliyokuwa ulimini, hapa angekuwa ameshika simu iliyokufa.

"Nisamehe," akasema.

"Bega linaniuma," Hurniati akasema, na sasa alikuwa analia na yeye, kitoto, kwa kukoroma puani, kama alivyokuwa akilia akiwa na miaka tisa. "Na yule mjinga aliyenigusa hata hajaja kuniomba radhi."

"Ana namba gani?"

"Kumi na moja."

"Nitamsomea dua mbaya."

"Usimsomee. Ni rafiki yangu." Akavuta kamasi. "Zinazofuata ni Japani, mwezi wa saba."

"Saa ngapi?"

"Hawajatoa. Wakitoa nitakuandikia saa ya hapo ulipo. Hapo hapo ulipo, Amaq. Usiongeze kitu."

"Siongezi."

"Wala usipunguze."

"Sipunguzi."

Anti Geok alirudi kwenye kaunta yake, Maniam akabadilisha chaneli akapata badminton, baba akasikia injini za kwao na binti akasikia mpira wa manyoya ukipigwa huku na huku. Mahnep alipokuja kumtafuta saa kumi alimkuta vilevile, simu sikioni, kofia imerudi kichwani, na hakuna aliyekuwa amekata.